UZI: Mwaka na nusu nikipunguza nyama na samaki hapa Mikindani, Mtwara. Niliyokosea na yaliyonisaidia

#1 Seremala wa Mikindani

Assalaam alaykum na habari za jioni wote. Barazani nimeulizwa mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, nikaona niandike hapa mara moja kila mtu asome.

Mimi ni seremala, nina miaka 52. Mwaka juzi nilianza kuamka usiku kukojoa mara nne, mara tano, na kiu haikatiki. Nikapimwa, ikawa sukari. Presha nayo ilikuwepo, nilikuwa naibeba tu bila kujua. Nikapewa metformin, vidonge vya sukari, na karatasi yenye picha ya sahani: nusu majani, robo wanga, robo protini. Nikaitazama nikacheka. Sahani yangu mimi ilikuwa mlima wa ugali wa muhogo na kisima cha mchuzi pembeni.

Siku yangu ilikwenda hivi: asubuhi supu ya ng'ombe na chapati mbili stendi, mchana wali na samaki wa kukaanga, usiku ugali na chochote kilichobaki, na soda ya kushushia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilimsikia mtu kwenye simu anasema dawa ni mimea tu, basi kesho yake nikaacha nyama, samaki, mayai na maziwa kwa mpigo. Wiki mbili nikala ugali na mchicha, muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Nikipiga randa ubao mmoja nakaa chini. Hasira nazo, mpaka vijana wa karakana wakawa wananikwepa. Nikaenda kupima, sukari imepanda! Muuguzi akaniuliza nakula nini. Nikamweleza kwa majigambo kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Baba, wewe umeacha mboga ukabaki na ugali."

Nikaanza upya, taratibu.

Mwezi wa kwanza nikagusa asubuhi peke yake. Supu nikaiacha, nikawa nakula bakuli la mbaazi na chapati moja. Mchana na usiku kama kawaida. Mwili haukushtuka, ila tumbo lilijaa gesi, hilo nitalieleza nikiulizwa.

Mwezi wa tatu tukachagua siku tatu za wiki ambazo mchana nyumbani hapaingii nyama wala samaki. Mke wangu ndiye aliyepanga: kunde siku moja, choroko siku nyingine, na njugu mawe au kisamvu cha karanga. Watoto walinuna wiki ya kwanza. Ya pili wakasahau.

Kisha ugali, na hapo ndipo pagumu. Nyama niliiaga bila machozi, ugali mpaka leo tunavutana. Nilianza kwa kubadilisha sahani tu, nikatafuta ndogo. Halafu nikageuza mpangilio: kwanza majani, kisha maharage au mbaazi, ugali wa mwisho. Ukifika kwenye ugali umeshaanza kushiba.

Sasa hivi samaki amegeuka kiungo. Kipande cha ng'onda au konzi ya dagaa inaingia kwenye chungu cha majani, tunakula watu saba. Nyama labda mara mbili kwa mwezi. Kutoka kilo 94 nimefika 83. Presha imetulia, daktari amenipunguzia kidonge kimoja. Metformin bado nakunywa, kwa hiyo msije mkaandika nimesema nimepona.

Maswali karibuni. Matusi pelekeni Feri.


#2 Nahodha wa Shangani

Feri, sokoni kwa samaki, ndiko niliko mimi, matusi nimeyapokea.

Sheikh, na sisi wavuvi unatuweka wapi? Mtu kazaliwa Mikindani, bahari iko mlangoni, anatuambia samaki ni kiungo! Babu zako walikula samaki wakaishi miaka tisini na meno yote.


#3 Chinyanya

😂😂 "Matusi pelekeni Feri." Nimeweka kambi hapa.

Mimi wa Masasi. Swali langu dogo: panya wa shamba anahesabika mmea? Maana anakula mihogo tupu.


#4 Mama Lishe Chikongola

Mleta uzi nakupongeza, ila sema ukweli wote. Mbaazi zinataka mkaa. Mimi napika kila siku, bila magadi kidogo haziivi haraka na mkaa ninaununua mimi. Wateja wangu hawajui sukari wala presha, wanataka mbaazi laini zenye tui zito. Ukiweka tui jepesi wanasema umewapa maji.


#5 Seremala wa Mikindani

Chinyanya, panya mle tu, uzi huu sitaki kuwakosanisha watu na Masasi yao.

Mama Lishe, umegusa penyewe. Sisi tunaloweka tangu jioni. Asubuhi yale maji tunamwaga, tunaweka mapya, zikichemka dakika kumi tunamwaga tena. Mkaa umepungua na gesi imepungua pia, maana sehemu kubwa ya kinacholeta gesi inatoka na yale maji. Wiki tatu za kwanza nilikuwa siwezi kukaa msikitini safu ya mbele, nasema ukweli. Baada ya hapo tumbo likazoea. Atakayeanza asianze na bakuli, aanze na vijiko vitatu vinne.

Magadi niliacha. Ni chumvi ya aina yake, yana sodiamu ileile inayopandisha presha, na yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye nafaka na kunde. Nilikuwa najisifu sitii chumvi mezani kumbe chungu kimeshatiwa.

Tui ndilo nililobishana nalo zaidi nyumbani. Nazi ni mmea, sawa, lakini mafuta yake mengi ni yale mazito yanayoganda, yako karibu na ya nyama kuliko ya karanga. Kasimile, lile tui zito la kwanza, tunaiweka siku ya wageni. Siku nyingine tui la pili, na mara nyingi karanga za kusaga badala yake.

Nahodha, wewe nakuja kwako nikishakula.


#6 Kijana wa Ligula

Shikamoo mzee. Mimi nafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma, miaka 24. Nikiacha nyama misuli inabaki? Huku jimu wote wanasema bila kuku na mayai sita kwa siku unajidanganya.


#7 Bibi Mstaafu wa Newala

Wajukuu zangu, nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu. Nimesoma huu uzi na nimeupenda, kwa hiyo naomba mnivumilie nikiandika sana.

Anachosema muuguzi aliyemhudumia seremala ni kitu tunachokijua sana huku kwetu. Mtu akisema "nakula mimea" huku Makonde, mara nyingi maana yake ni muhogo. Na muhogo una protini kidogo mno. Wazee wangu wa zamani walikula muhogo kwa kunde na kwa samaki kidogo, hawakuula peke yake. Ukiondoa samaki na usiweke kunde, umemwacha mtu na wanga mtupu.

Na kuna hatari ambayo vijana hawaijui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika mkoa wetu wa Mtwara, na kule Mbinga mkoani Ruvuma, walionekana watu waliopooza miguu yote miwili kwa ghafla. Walikuwa zaidi watoto na kina mama wa umri wa kuzaa. Ugonjwa unaitwa konzo. Chanzo ni muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, ukaliwa wiki nyingi mfululizo na mtu asiyepata protini ya kutosha. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwili unaweza kuitoa, lakini unahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Protini ikikosekana, sumu inabaki mwilini. Miguu ikishakakamaa hairudi kama zamani. Hutokea sana miaka ya ukame, njaa inapofanya watu wafupishe kazi ya kuandaa makopa, yaani muhogo wa kukausha.

Kumenya na kuanika peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu. Ipo njia rahisi iliyotolewa na Howard Bradbury wa Australia, nayo haihitaji chombo chochote kipya. Unga wa muhogo unauchanganya na maji, unautandaza kwenye ungo au mkeka, unene usizidi sentimeta moja, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka na hewa. Unasonga ugali siku hiyohiyo. Kisamvu vilevile: kitwangwe vizuri kinuni, kichemshwe sana, chungu kisifunikwe mwanzoni.

Kijana wa Ligula, marahaba. Misuli haijui protini imetoka wapi. Mbaazi kavu gramu 100 zina protini kama gramu 21 hivi, yai moja lina kama sita. Ila huwezi kula gramu 100 za mbaazi kavu kwa urahisi, zikipikwa zinajaa bakuli kubwa. Kwa hiyo usitegemee kitu kimoja. Kunde na mahindi pamoja, mbaazi na wali pamoja, kila mmoja anaziba pengo la mwenzake. Na mayai hakuna aliyekukataza.


#8 Chinyanya

Bibi shikamoo. Huo wa konzo nilimsikia mama yangu akiuhadithia, tukadhani ni kurogwa. Leo utani naweka pembeni.


#9 Mkulima wa Nanyamba

Mnazungumza mbaazi kama kitu kipya! Sisi tunalima, tunauza, halafu tunanunua maharage ya kutoka mikoa ya juu tunasema ndiyo chakula cha wageni.

Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao, bei ilianguka mpaka wengine hawakuvuna. Ziliozea shambani huku watoto wanakula ugali kwa chumvi. Mimi mwenyewe nilikuwa na magunia ndani na sikuwaza kuyapika, akili ilikuwa inasema mbaazi ni pesa, pesa haipo basi mbaazi hazina maana. Leo nikikumbuka naona aibu. Msimu ule tungekula vizuri kuliko miaka yote.

Sasa naacha magunia mawili ya nyumbani kabla ya kupeleka ghalani. Mke wangu ndiye mwenye ufunguo.


#10 Mwanahistoria wa Kijiweni

Ndugu zangu, bandari yetu ya Mtwara yenye kina kirefu ilijengwa kwa sababu ya karanga. Waingereza walianza mradi wao wa kulima karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwemo, wakauvunja 1951. Bandari na reli zikabaki bila mzigo, reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Na leo mtu wa Mtwara anaambiwa aongeze karanga kwenye mboga anasema ni chakula cha kitajiri.


#11 Mwanamke wa Lindi

Karanga na ziwe safi. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu mtupe, msiseme mtazikaanga. Sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni, na inaharibu ini. Msizisage kwa sababu ni za bei rahisi.

Huku Lindi tuna ufuta mpaka tunauchoka, lakini wote unakwenda mnadani. Mimi nakaanga kidogo, natwanga na chumvi chembe, nanyunyizia kwenye mchicha, kwenye uji wa watoto, kwenye mlenda. Ufuta una kalsiamu na ile protini yenye salfa anayoisema bibi, ambayo kunde hazina nyingi. Kwa hiyo kunde na ufuta ni ndugu.

Swali kwa mleta uzi au bibi: damu je? Mimi hupungukiwa damu, nilipopunguza nyama nikaanza kuona kizunguzungu.


#12 Bibi Mstaafu wa Newala

Mwanangu, kwanza kapime ujue ni upungufu wa nini, usianze kubahatisha. Madini ya chuma kwenye mimea yapo, ila tumbo linayachukua kwa shida kuliko ya nyama. Yanasaidiwa na vitamini C: kamulia ndimu, kula embe au pera, weka ukwaju. Yanazuiwa na chai. Na sisi watu wa kusini hatujamaliza kutafuna birika limeshafika! Chai iache ipite saa moja au mbili baada ya chakula.

Jambo la pili, seremala alikuwa bado hajalitaja na yeye ndiye linamhusu zaidi. Vitamini B12. Mimea haina ya kutegemea. Inapatikana kwa samaki, dagaa, nyama, mayai, maziwa. Ini linahifadhi akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana mtu anaacha kila kitu mwaka wa kwanza anajiona mzima, halafu baadaye ganzi za miguu zinaanza na damu inapungua. Na metformin ikitumiwa miaka mingi inapunguza uwezo wa mwili kuichukua. Mtu wa sukari akipata ganzi kila mmoja anasema ni sukari, kumbe inaweza kuwa hii.

Seremala, umepima?


#13 Seremala wa Mikindani

Bibi, nimesoma nimekaa kimya kama dakika kumi.

Ganzi kidogo ya vidole vya mguu ninayo. Nilisema ni viatu. Niliwahi kuulizia mahali fulani nikajibiwa kipimo hicho hawana, nikaacha. Nitarudi kliniki nimuulize daktari wangu moja kwa moja. Ahsante sana.

Na kwa wenzangu wenye sukari: msibadilishe chakula kimyakimya huku mnameza dawa zilezile. Metformin peke yake si kawaida kuangusha sukari, lakini kuna dawa nyingine na insulini, ukipunguza ugali na dawa ikabaki palepale unaweza kuanguka njiani. Jirani yangu alidondoka na baiskeli pale kona ya Mikindani. Tulidhani kalewa. Mwambieni daktari kabla.


#14 Mpita Njia wa Liwale

Kwa hiyo yote haya ni kwamba maskini tule kama maskini? Mimi nimetafuta pesa miaka ishirini ili nile nyama. Leo nimezipata mnaniambia mbaazi.


#15 Seremala wa Mikindani

Mpita Njia, kauli yako ndiyo ya watu wengi, ila wewe umeisema. Hata mimi supu ya asubuhi nilikuwa nailia stendi ili nionekane. Bei ya kilo moja ya nyama inanunua kilo kadhaa za mbaazi, na hilo ndilo lililokuwa linanikera: nakula cha bei ndogo majirani wananiona nimefilisika. Mmoja aliniletea mchele kwa siri! Niliupokea.

Kula nyama yako ndugu, umeitafuta. Mimi nilikuwa naila kila siku na nimekaa kwenye benchi kwa muda wa saa kumi. Wewe ukilima Liwale huenda mwili wako unaimaliza.

Sasa Nahodha. Umesema babu zangu walikula samaki. Kweli. Lakini walikula samaki lini? Kusi ikivuma babu yako alikuwa anakwenda baharini kila siku?


#16 Nahodha wa Shangani

Haya, umenishika.

Kusi ikikaza mitumbwi inalala, samaki anakuwa adimu na bei haishikiki. Mama yetu alikuwa anasema miezi hiyo "bahari imefunga mlango". Tulikuwa tunakula mbaazi mbichi za kuchemsha na maganda yake, sufuria nzima, tunakaa upenuni tunamenya na meno. Na kunde zilizokaushwa. Na ming'oko, ile mizizi ya porini, ikija kutoka Newala, tunachovya chinyanya (ya kula, si huyu wa Masasi). Kaskazi ikiingia ndiyo tunarudi kwa samaki. Kila mwaka hivyo. Hakuna aliyeita hiyo diet.

Siku hizi kuna friza. Kusi inavuma na mtu anakula kuku wa kutoka mbali. Basi naweza kusema friza ndiyo imetuharibia hesabu, lakini mimi mwenyewe ninayo na nauzia samaki humo, kwa hiyo naishia hapa.


#17 Kijana wa Ligula

Hii ya kusi na mbaazi kuiva pamoja sikuwahi kuiwaza kabisa.


#18 Mwanamke wa Lindi

Kwetu vilevile. Mbaazi mbichi zinaingia sokoni upepo ukiwa mkali. Mola ana mpangilio wake.

Lakini sherehe mnafanyaje? Jando, unyago, maulidi, arusi. Ukikataa pilau unaambiwa unaringa, au unaogopa kurogwa.


#19 Mama Lishe Chikongola

Kwenye shughuli ukikataa pilau wapishi wanasutwa. Usikatae. Chukua kidogo, nyama moja, kachumbari nyingi. Nani anahesabu?

Na mimi tangu juzi nimejaribu kuloweka. Zimeiva bila magadi. Mkaa umepungua kweli. Mteja mmoja tu aliuliza mbona hazina ile rangi, nikamwambia akitaka rangi anunue kitenge.


#20 Mkulima wa Nanyamba

😂😂😂


#21 Seremala wa Mikindani

Marejesho. Imepita wiki tatu tangu bibi aandike. Nimepimwa, B12 iko chini. Nimeanza sindano. Daktari alisema ganzi ikiwahiwa inaweza kupungua, tusubiri. Dagaa nimewarudisha mara nne kwa wiki na yai kila baada ya siku moja, na sioni kama nimevunja kitu, sikuwahi kusema nitaishi kwa majani.

Bibi, Mola akuweke. Ukipita Mikindani kuna kigoda cha mninga nimekitenga, si cha kuuza.


#22 Nahodha wa Shangani

Pole sheikh, na hongera kwa kupima.

Mwanangu wa pili anaoa baada ya Idi. Wewe na familia mmealikwa, na bibi wa Newala kama miguu inaruhusu. Pilau ni ya ng'ombe, siwezi kubadilisha, wakwe watanisema mpaka Kilwa. Ila nimemwambia mama watoto akutengee chungu cha mbaazi za nazi.


#23 Seremala wa Mikindani

Tunakuja wote saba inshaallah. Mwambie shemeji tui la pili.


#24 Nahodha wa Shangani

Nimemwambia. Amesema kwenye arusi ya mwanawe tui la pili halipiti mlangoni.